Dawati la Mwalimu: Kozi ya insia nichague ipi?

Muda wa kujiandikisha kwa muhula mpya ukikaribia, barua zenu huja kwa wingi. Safari hii nyingi zinauliza jambo moja: masomo ya insia, yaani falsafa, historia, fasihi, dini, lugha na sanaa, ambayo vyuo vya Marekani humtaka kila mwanafunzi apitie japo kidogo, hata kama anasomea uuguzi au kompyuta. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha historia Tanga kabla ya kuhamia Texas, na sasa kazi yangu ni kukaa na wanafunzi wapya kupanga kozi zao.

Shikamoo Mwalimu. Niko Houston, nina watoto wawili, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee na nasomea uuguzi chuo cha jamii. Kwenye mpango wangu imebaki nafasi moja iliyoandikwa "Lugha, Falsafa na Utamaduni, krediti 3". Orodha ina Utangulizi wa Falsafa, Maadili, Dini za Ulimwengu na Fasihi ya Ulimwengu. Wenzangu kazini wananiambia niachane na hizo nichukue ile ya kusikiliza muziki, eti ni A ya bure. Kuingia programu ya uuguzi ni ushindani, sitaki GPA yangu, yaani wastani wa alama, ishuke. Nichukue ipi? — Mama wa Wawili, Houston

Marahaba mwanangu, na pole na kazi za usiku.

Hiyo ya muziki tumalizane nayo kwanza. Katika vyuo vya umma vya Texas, masomo ya lazima kwa wote ni krediti 42 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi), na yamegawanywa mafungu. Lugha, Falsafa na Utamaduni ni fungu lenye krediti 3. Sanaa ni fungu jingine lenye krediti 3 zake. Kozi ya muziki wanayokusifia, MUSI 1306, iko kwenye Sanaa. Utaichukua, utapata hiyo A, na nafasi yako itabaki wazi kama ilivyo leo. Zaidi ya hapo, kama ada yako inalipwa na Pell, ule msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, msaada huo haulipii kozi isiyohesabika kwenye programu unayosoma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kozi gani ni rahisi, fungua mpango wako wa masomo, soma jina la fungu neno kwa neno, kisha hakikisha kozi unayoitaka imeorodheshwa chini ya jina hilohilo katika katalogi ya chuo chako, ya mwaka ulioanza wewe.

Jifunze pia kusoma namba. Tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka: 1 ni kozi ya mwaka wa kwanza, 2 ni ya mwaka wa pili. Tarakimu ya pili ni idadi ya krediti. PHIL 2306 ni falsafa, mwaka wa pili, krediti 3. Namba hizi zinatumika katika vyuo vya jamii vya Texas nzima, na hilo litakufaa siku utakapotaka kuendelea na digrii ya uuguzi chuo kikuu.

Sasa hii habari ya "A ya bure". Bure kwa nani? Kozi ya muziki ni rahisi kwa aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya shule na anayeitambua sauti ya mtunzi Bach akiisikia mara moja. Wewe uliyelelewa na taarabu na kwaya utaanza mbali, na walimu wengi wa kozi hiyo hutaka uhudhurie onyesho la muziki, mara nyingi jioni, uandike ripoti. Jioni ndiyo saa unayovaa sare kwenda kazini. Wanafunzi wetu huumia sana kwa ushauri wa namna hii: mtu anakupa kozi iliyokuwa rahisi kwake, kwa maisha yake, kwa ratiba yake.

Mimi ningekushauri uchukue Maadili, PHIL 2306. Ya pili ningeweka Dini za Ulimwengu, maana mtu aliyekua ambapo adhana na kengele ya kanisa zinasikika asubuhi moja ana mengi ya kusimamia, mradi akumbuke kwamba darasani anatakiwa aeleze dini, si kuihubiri wala kuitetea. Fasihi ya Ulimwengu naipenda mno, lakini kurasa zake za kila wiki ni nyingi kwa mtu anayelala mchana kwa saa nne tu.

Kwa nini Maadili? Kwa sababu nusu yake tayari unaishi nayo kazini. Mzee anakataa dawa: umlazimishe au umwache? Mtoto wake anakuomba usimwambie mama kwamba ana saratani: utafanyaje? Kwenye kozi hii maswali hayo yanapewa majina na hoja.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja ambao darasa la maadili huku Marekani halikosi kuugusa. Kati ya 1932 na 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600 katika wilaya ya Macon, Alabama, katika kile kinachoitwa Utafiti wa Tuskegee. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watafiti walitaka kuona ugonjwa unavyoendelea hadi kifo. Mambo hayo yalifika magazetini mwaka 1972 ndipo yakasimamishwa, na mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Katikati ya habari hiyo alikuwepo nesi, mwanamke Mweusi, Eunice Rivers. Ndiye aliyewafuata wanaume hao vijijini miaka yote, akawapeleka kwa gari kupimwa, akawajua wake zao na watoto wao. Mmoja akifariki, ndiye aliyekwenda kuiomba familia iruhusu mwili upasuliwe, na mfuko wa hisani wa Milbank ukasaidia gharama za mazishi. Walimwamini. Yeye alikuwa chini ya madaktari, katika Alabama ya ubaguzi, na kupitia kwake wengi walipata vipimo na dawa ndogondogo ambazo wasingezipata kabisa.

Je, Eunice Rivers alitenda kosa?

Hilo ni swali la insha, na wewe nesi mtarajiwa ndiye mtu wa kulijibu. Wanafunzi waliotoka shule zetu huniletea rasimu zinazoanza hivi: "Utafiti wa Tuskegee ulianza mwaka 1932 katika jimbo la Alabama na ulikuwa na washiriki 600." Kisha kurasa tatu za historia, safi, bila kosa, na mwishoni mstari mmoja kwamba lilikuwa jambo baya. Hupata C, wanashangaa, maana kila walichoandika ni kweli. Sisi tulifundishwa kurudisha notisi za mwalimu kwa ukamilifu. Mwalimu wa falsafa hataki notisi zake. Anataka msimamo wako katika aya ya kwanza: "Rivers alitenda kosa, hata kama hakuwa na uwezo wa kuusimamisha utafiti, kwa sababu aliitumia imani ya wagonjwa kuwazuia wasijue hali yao." Umeona? Sasa kuna kitu cha kubishania. Baada ya hapo unamwita mwanafalsafa Kant, aliyesisitiza kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Kisha, na hapa ndipo maksi zilipo, unaleta hoja nzito kabisa ya upande wa pili: kwamba bila yeye wanaume wale wasingepata hata hicho kidogo, na kwamba anayepima mema na mabaya kwa matokeo, kama alivyofanya mwanafalsafa Mill, angetaka tuyahesabu hayo. Unaijibu hoja hiyo kwa heshima, bila kuikimbia. Insha hiyo ikiandikwa kwa Kiingereza chenye makosa mawili matatu ya viambishi bado itapata B au A. Na makosa hayo kituo cha uandishi cha chuo hukusaidia bila malipo. Peleka rasimu siku tatu kabla, si saa mbili kabla.

Kuhusu ratiba: uliza kama kozi ni ya wiki 16 au 8. Ya wiki 8 ina kazi ileile iliyobanwa nusu ya muda, na kwa zamu zako sikushauri. Mwandikie mwalimu barua pepe fupi uombe silabasi ya muhula uliopita. Wengi hutoa, na vyuo vingi vya Texas huziweka wazi kwenye tovuti. Hesabu insha ni ngapi na mitihani mingapi. Fanya hivyo mapema, kwa sababu sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi wa vyuo vya umma kuacha kozi sita tu katika masomo yake yote ya digrii ya kwanza, na sijapenda kuona mtu anatumia moja kwa kozi aliyoichukua kwa kusikia.

Assalaam alaykum Mwalimu. Niko Tanga. Binti yangu yuko Minnesota, chuo cha miaka miwili, baadaye atahamia chuo kikuu kusomea kompyuta. Muhula huu ameniambia anasoma falsafa na historia ya sanaa. Namlipia kwa jasho langu, na dola inapanda. Hizi si pesa zinapotea? Mbona asisome kompyuta tu akamaliza mapema? — Mzazi, Tanga

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nyumbani mtoto akifika kidato cha tano ameshachagua tahasusi, PCM ya sayansi au HKL ya historia na lugha, na akiingia chuo kikuu amekwishaacha mengine nyuma. Marekani hakuna hatua hiyo. Mtoto wa hapa anamaliza sekondari akiwa amesoma kidogo cha kila kitu, na miaka miwili ya mwanzo ya chuo ndiyo inayofanya kazi ya kupanua kabla ya kubana. Digrii ya kwanza ni krediti 120 hivi, na vyuo vya umma vya Minnesota vina mkataba wao wa masomo ya lazima wenye krediti 40, uliogawanywa maeneo kumi. Eneo la 6 ni insia na sanaa. Binti yako asipolitimiza hatapewa cheti, awe hodari wa kompyuta vipi. Kwa hiyo hajakudanganya wala hachezi.

Na tukumbushane: sisi pia tulilazimishwa. Nani alifika kidato cha sita bila General Studies? Nani alitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata awe mhandisi, bila kukaa kwenye darasa la DS, yaani masomo ya maendeleo?

Pesa yako unaweza kuiokoa, ila kwa njia nyingine. Katika mkataba huo wa Minnesota kozi moja inaweza kutimiza maeneo mawili kwa pamoja. Kozi ya falsafa ya maadili, kwa mfano, inaweza kuhesabika eneo la 6 na pia eneo la 9, la wajibu wa kimaadili na kiraia. Kozi ya fasihi ya dunia inaweza kugusa la 6 na la 8, la mtazamo wa kimataifa. Krediti zinahesabiwa mara moja, lakini maeneo mawili yanatiwa tiki. Mwambie akae na mshauri wake, wazitafute kozi za aina hiyo kabla hajasajili nyingine. Pia, kama alifanya mtihani wa kidato cha sita, cheti chake cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kiwe kimetathminiwa. Baadhi ya vyuo vikuu hutoa krediti kwa masomo ya kiwango hicho, na hizo ni fedha ambazo hutazilipa tena.

Juu ya falsafa na kompyuta nina neno moja zaidi. Claude Shannon, kijana wa Michigan aliyemaliza chuo mwaka 1936, alikutana na mantiki ya George Boole, ile ya kweli na si kweli, kwenye darasa la falsafa. Mwaka uliofuata akiwa chuo kikuu cha MIT aliandika tasnifu akionyesha kwamba mantiki ileile inaweza kuendesha saketi za umeme. Kompyuta za leo zimesimama juu ya wazo hilo. Simuahidi binti yako makubwa kama hayo. Ila muulize kwa simu wiki hii wanajadili nini darasani, umsikilize akieleza.

Jambo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kongo, niko Fort Worth. Nilisoma kwa Kifaransa mpaka nikapata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Naambiwa nichukue kozi za insia na lugha kama mtu asiyejua kitu. Lugha zangu haziwezi kuhesabiwa? — Baba wa Fort Worth

Jambo sana ndugu. Kifaransa, ndiyo, panapo uwezekano. Kuna mtihani uitwao CLEP, wa College Board, unaofanywa siku moja, na chuo kikiukubali unapata krediti bila kukaa darasani. Mtihani wa Kifaransa upo. Alama 50 kwa kawaida huhesabiwa kama kazi ya mwaka wa kwanza wa lugha, na 59 huvuka hadi mwaka wa pili. Kwa mtu aliyesoma fizikia na jiografia kwa Kifaransa, 59 si mlima.

Lakini kabla hujalipa ada ya mtihani, mwandikie ofisi ya usajili ya chuo chako na uwaulize mambo matatu, na majibu yaje kwa maandishi: wanatoa krediti ngapi kwa alama hizo, krediti hizo zinaingia kwenye fungu la Lugha, Falsafa na Utamaduni au zinabaki za ziada tu (vyuo kadhaa huweka Kifaransa cha mwaka wa pili kwenye fungu hilo, vingine havifanyi hivyo), na kama wanamruhusu mtu aliyesoma sekondari kwa lugha hiyo. Vipo visivyoruhusu, na hilo ni bora ulijue leo.

Kiswahili hakimo kwenye CLEP. Lugha zilizomo ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Ila shirika la walimu wa lugha, ACTFL, lina usaili wa kuzungumza kwa Kiswahili, na chuo kikuu kinachodai lugha ya pili kinaweza kuupokea kama uthibitisho. Hapo angalia sana. Kusamehewa sharti la lugha na kupewa krediti ni mambo mawili. Ukisamehewa, hulazimiki kusoma lugha, lakini zile krediti utazijaza kwa kozi nyingine. Watu wengi hulijua hilo muhula wa mwisho, wakiwa wamekwishaagiza joho.

Wala usione vibaya kuchukua kozi moja ya historia au fasihi pamoja na vijana. Mtu aliyeishi Kivu ana ushahidi ambao vitabu vya darasa hilo havina, na mwalimu mzuri atakupa nafasi.

Shikamoo Mwalimu. Niko Dallas kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nasomea uhandisi. Nimepanga muhula ujao nichukue kozi zangu tatu za insia zote mtandaoni ili nipate muda wa maabara. Kuna tatizo? — Kijana wa Mbeya, Dallas

Marahaba. Lipo, na ni kubwa, usisajili kwanza. Mwenye F-1 wa digrii ya kwanza lazima awe na krediti 12 kila muhula wa kawaida, na katika hizo 12 kozi ya mtandaoni inayohesabiwa ni moja tu, isiyozidi krediti 3. Ukisajili tatu mtandaoni na moja au mbili darasani, kwa macho ya uhamiaji hujatimiza masomo ya muda wote, hata kama kwenye hati ya matokeo zinaonekana 15. Rafiki zako wenye grini kadi hawabanwi na sheria hii, kwa hiyo usiwafuate.

Fanya hivi. Weka moja mtandaoni, moja darasani, siku ambayo huna maabara. Ya tatu isubiri kiangazi: kama kiangazi ni likizo yako rasmi, hulazimiki kuwa na krediti 12, na hapo unaweza kusoma mtandaoni bila kuvunja sharti. Mwone afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kubadilisha chochote, na kabla ya kuacha kozi yoyote katikati ya muhula, hata ile unayoona haina maana. Yeye ndiye anayeijaza rekodi yako, na akishaifunga kuifungua tena ni kazi ndefu.

Kwa hiyo ya kiangazi, ukiuliza mimi, ni Fasihi ya Ulimwengu. Kurasa ni nyingi, na hapo utakuwa na muda wa kuzisoma.